Safari ya Kuufuata Mpingo

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, nenda jikoni. Tazama mchi wa kinu. Je, ni mweusi? Je, ni mzito kuliko michi mingine? Je, bibi alikuwa akiutumia kabla mama hajaolewa, na mpaka leo mchwa hawajaugusa? Kama ndivyo, huenda una mpingo nyumbani kwako.

Wengi wetu tunaujua mpingo kwa jina. Tunaambiwa kuwa ni mti wa thamani kubwa. Lakini thamani hiyo inakwenda wapi? Nani anaipata? Nilitaka kujua. Kwa hiyo nilisafiri kuufuata mti huu, kuanzia mjini unakouzwa mpaka porini unakoota. Leo nakuchukua nawe, tuirudie safari hiyo pamoja. Huhitaji nauli.

MWENGE

Tunaanza Dar es Salaam, mahali panapoitwa Mwenge. Hapo pana kijiji cha wachonga vinyago. Ukishuka kwenye daladala uliza tu, utaonyeshwa. Kijiji hicho utakisikia kabla ya kukiona. Ko, ko, ko. Hiyo ni sauti ya tezo juu ya gogo.

Mafundi wanakaa chini. Miguu wameinyoosha, na gogo wamelibana kwa nyayo zao. Kwanza fundi anaondoa ganda. Chini ya ganda kuna mti mweupe, mwembamba tu, kama unene wa kidole kidogo. Kisha mlio wa tezo unabadilika. Hapo amefika kwenye kiini. Kiini cha mpingo ni cheusi, chenye rangi ya zambarau kwa mbali. Hicho ndicho watu wanachokitafuta.

Fundi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alichukua kipande kidogo akakitia katika ndoo ya maji. Kikazama kama jiwe.

"Miti mingine huelea," aliniambia. "Huu hauelei. Ndiyo maana mwanangu hataki kazi hii. Anasema baba umepinda mgongo kwa kubeba mawe."

Fikiri hivi. Pipa la lita 200 likijaa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 200. Mpingo wenye ukubwa wa pipa hilo ungefika kilo 240 hivi. Si ajabu mwana wa fundi anakimbia.

Wachongaji wengi wa kwanza waliokuja Dar es Salaam walikuwa Wamakonde. Baadhi yao walitoka Msumbiji. Walivuka mto Ruvuma kutafuta kazi, wengine katika mashamba ya mkonge, na usiku au siku za mapumziko walichonga. Katika miaka ya 1950 kazi yao ilianza kununuliwa sana mjini. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya shetani, vile vyenye jicho moja, pembe, na mkono uliogeuka kuwa mguu. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa vinyago vya ujamaa. Katika vinyago hivyo watu wengi wamepandana, mmoja amemshika mwenzake, na wote wametoka katika gogo moja bila kuungwa popote. Kitazame kinyago cha namna hiyo kwa muda mrefu. Kazi ile haikubali kosa. Ukikata mkono wa mtu mmoja kwa bahati mbaya, huwezi kuurudisha.

Hapa naomba nikuonye kidogo. Si kila kinyago cheusi ni mpingo. Wako watu wanaochonga mti mwepesi, kisha wanaupaka rangi ya viatu mpaka ung'ae. Kama unanunua, kipime kwanza kwa mkono. Kisha kigeuze, ukikwaruze chini kidogo kwa kisu. Mpingo ni mweusi mpaka ndani. Mwenye kinyago akikataa usikikwaruze, umekwisha kupata jibu.

Nilimwuliza yule fundi magogo yake yanatoka wapi. Hakusimamisha tezo. Alinyoosha kidevu kuelekea upande wa Mbagala.

"Kusini," alisema. "Na kila mwaka yanatoka mbali zaidi, na kila mwaka ni membamba zaidi."

BARABARA YA KUSINI

Basi la kusini huondoka alfajiri. Utapita Mkuranga, utapita Kibiti, utapita Ikwiriri. Korosho na minazi vitakusindikiza. Kisha utafika mto Rufiji, na hapo usilale.

Juu ya mto huu kuna daraja lenye urefu wa karibu kilometa moja. Lilifunguliwa mwaka 2003. Linaitwa Daraja la Mkapa, kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Kabla ya hapo watu na magari walivuka kwa kivuko. Kivuko kikiharibika mlilala ng'ambo. Maji yakijaa mlilala siku kadhaa. Mbele ya hapo, kati ya Ndundu na Somanga, kulikuwa na kilometa 60 za mchanga na tope ambazo zilichukua miaka mingi zaidi kutiwa lami. Mtu wa kusini aliyezaliwa zamani atakueleza habari za barabara ile mpaka usiku wa manane. Hata sasa mvua huikumbuka. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii katika wilaya ya Kilwa, na mabasi yakasimama.

Daraja lilituletea mema. Mgonjwa alifika hospitali. Korosho zilifika sokoni. Lakini daraja lilelile lilipitisha malori ya magogo.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, ambalo huchunguza biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa taarifa juu ya magogo ya kusini mwa Tanzania. Miti iliyokatwa ilikuwa ya aina nyingi: mninga, mkongo, mpangapanga, mpingo na mingineyo. Taarifa ilisema kwamba katika kila shilingi 100 za ushuru ambazo zingepaswa kukusanywa, hadi shilingi 96 zilipotea. Soma tena polepole. Shilingi 96 katika kila 100. Fedha hizo ni madarasa, zahanati na visima ambavyo havikujengwa.

Na mwanakijiji aliyekata mti, yeye alipata nini? Jambo hili sihitaji kulisoma katika taarifa, kwa sababu nilikuwapo.

Kwetu ni mkoa wa Lindi. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya daraja kufunguliwa, lori lilifika kijijini kwetu. Alishuka mfanyabiashara mmoja, mtu mpole, mwenye salamu nzuri. Aliuliza nani ana mipingo. Baba alikuwa nayo 12 katika shamba lake la mbali, lile aliloachiwa na babu. Yule bwana alitoa shilingi 5,000 kwa kila mti. Sisi tuliona ni fedha nyingi. Tulikuwa hatujawahi kuuza mti. Kuni tuliokota bure, na miti tuliijua kuwa ni kuni zilizosimama.

Baba aliuza 11. Mmoja ulibaki kwa sababu ulikuwa mwembamba, na yule bwana aliukataa. Baba alipata shilingi 55,000. Alinunua mabati na baiskeli. Hakuna aliyeuliza leseni. Hakuna aliyepima chochote. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Lori liliondoka jioni, na watoto tulilikimbilia mpaka barabarani tukipiga vigelegele.

MSITUNI

Ukishuka Nangurukuru, njia moja inakwenda baharini, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Wageni wengi hupita njia hiyo kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Sisi leo tunayapa mgongo magofu. Tunaingia bara, kwa pikipiki, kisha kwa miguu.

Nilifika mwisho wa kiangazi, katika msitu wa kijiji kimoja. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa kamati ya maliasili ya kijiji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuona mpingo? Basi umeshaupita mara tatu."

Kweli nilikuwa nimeupita. Nilitazamia mti mrefu, mnene, ulionyooka, unaofanana na bei yake. Kumbe mpingo ni mti mfupi. Mara nyingi hauzidi urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Shina lake limejipinda, na mara nyingi yanatoka mashina mawili au matatu kwenye kisiki kimoja. Ganda lake ni la kijivu. Wakati ule haukuwa na jani hata moja. Ungeweza kudhani umekufa.

Nilikaribia niuguse. Shati likanaswa. Matawi mafupi ya mpingo huishia kwa mwiba mgumu, na majani na maua hutoka juu ya miba hiyohiyo. Babu alicheka sana. Alisema mpingo humsalimu mgeni namna hiyo.

"Rudi mvua za kwanza zikinyesha," alisema. "Utakuta majani mabichi. Utakuta na maua meupe, madogo madogo, yenye harufu nzuri. Nyuki hujaa hapa mpaka unaogopa."

Baada ya maua huja maganda bapa, membamba kama karatasi, yenye mbegu moja au mbili. Kwa maana mpingo ni ndugu wa kunde na maharage, ingawa huwezi kuupika. Upepo hubeba maganda hayo. Tena mpingo hautegemei mbegu peke yake. Mizizi yake huchipua, na kutoka kwenye mzizi mmoja huweza kutokea mti mpya.

Kisha babu alitoa kamba mfukoni. Ilikuwa kamba ya katani ya kawaida yenye mafundo mawili. Kati ya fundo na fundo palikuwa na sentimeta 75.

Ndugu msomaji, kamba hii utaweza kuitengeneza leo hii. Kanuni inasema mpingo usivunwe kabla shina lake halijafika upana wa sentimeta 24, ukipima katika kimo cha kifua cha mtu mzima. Lakini si rahisi kupima upana wa shina lililosimama. Kwa hiyo unapima mzunguko. Shina lenye upana wa sentimeta 24 lina mzunguko wa sentimeta 75 hivi. Zungusha kamba. Mafundo yakikutana au yakipita, mti haujafika. Yasipokutana, mti umefika.

Tulipima mipingo tisa asubuhi ile. Iliyofika ilikuwa miwili.

"Babu, huu mdogo una miaka mingapi?" niliuliza. Niliushika mmoja ulionenepa kama paja langu.

"Mimi nimeukuta hivi," alisema. "Nilipooa ulikuwa hivi hivi."

Alitia chumvi kidogo, lakini si sana. Mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kufika kipimo cha kuvunwa. Mtu anayeupanda leo anampandia mjukuu wake, au mtoto wa mjukuu. Mti ulioanguka mbele ya lori la mwaka 2004 huenda ulichipua kabla Tanganyika haijapata uhuru, tena kabla ya vita vikuu vya pili.

Nilimwuliza adui mkubwa wa mpingo ni nani. Nilidhani atasema wezi wa magogo. Alisema moto. Mpingo mkubwa huvumilia moto wa majani, lakini mche hufa. Na mti mkubwa ukiunguzwa kila mwaka, kidonda huingia ndani, na kiini huoza. Kwa nje unauona mzima. Ukiukata, kumbe una shimo katikati. Kwa sababu hiyo kamati yao huchoma majani mapema, mvua zikiisha tu, wakati majani bado yana ubichi. Moto wa wakati ule ni mdogo. Unapunguza majani makavu, ili ule moto mkali wa mwisho wa kiangazi usikute chakula.

GOGO LINAKWENDA WAPI?

Sasa tujibu swali tuliloanza nalo. Vinyago vinatumia sehemu ya mpingo. Lakini kipande cha bei kubwa kuliko vyote hakiendi Mwenge. Kinakwenda nje kutengenezea ala za muziki.

Ukihudhuria sherehe ambapo bendi ya polisi au ya jeshi inapiga, tafuta mtu aliyeshika filimbi ndefu nyeusi yenye vifungo vingi vya kung'aa. Hiyo ni klarineti. Siku hizi za bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki. Zilizo bora hutengenezwa kwa mpingo, na moja tu huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Obo pia ni ya mpingo. Hata zumari za mifuko za Waskoti, zile zinazokandamizwa kwapani, mirija yake hutengenezwa kwa mpingo.

Kwa nini mpingo? Fikiri kazi ya filimbi. Mpigaji anapuliza pumzi ya moto yenye unyevu. Mti wa kawaida ungevimba, kisha ukauke, kisha upasuke, na sauti ingeharibika. Mpingo umeshikana sana, tena una mafuta yake ya asili. Unatobolewa tundu sawasawa na tundu linabaki vilevile. Kuni haina sifa hizo, na sisi tuliuuza kwa bei ya kuni.

Kuufanyia kazi ni taabu. Msumeno huwa butu upesi. Vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine. Vipande vikikatwa hutiwa nta kwenye ncha ili visikauke ghafla na kupasuka, kisha hukaushwa kwa muda mrefu. Na sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Mti umejipinda, una nyufa, una mashimo. Katika gogo zima, sehemu inayofaa kuwa ala ya muziki huwa ni chini ya moja ya kumi. Basi usishangae mnunuzi akikataa magogo mengine. Lakini shangaa akikwambia mengine hayo nayo hayana bei. Yale yanayobaki hutengenezewa vinyago, bakora, vipini vya visu na vifungo.

Mpingo unaota katika nchi nyingi za Afrika, kuanzia Senegali mpaka Ethiopia, na kushuka mpaka Afrika Kusini. Hata hivyo mpingo wa ala za muziki unatoka hasa katika nchi mbili, Tanzania na Msumbiji. Kenya nayo ilikuwa na mpingo wa kuuza zamani. Kwa hiyo mtu wa London au Paris anayepuliza klarineti nzuri, karibu hakika anapuliza mti wa kwetu au wa jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma.

VIJIJI VINAVYOUZA VYENYEWE

Baada ya mwaka wa lile lori, mambo hayakusimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwapo tangu 1999, na Sheria ya Misitu tangu 2002. Sheria hizo zinakiwezesha kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake na kuusimamia chenyewe. Msitu huo huitwa hifadhi ya msitu wa kijiji. Watu wachache tu vijijini walilijua jambo hili. Kwetu hakuna aliyelijua.

Kilwa walilijua mapema. Mwaka 1996 wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuja kuchunguza mpingo wa kusini pamoja na Watanzania. Kutokana na kazi ile lilizaliwa shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake Kilwa Masoko. Shirika hilo lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuhesabu miti, kutunga sheria ndogo na kuandika mpango wa uvunaji.

Mwaka 2009 vijiji viwili vya wilaya ya Kilwa, Kikole na Kisangi, viliingia katika historia. Misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Cheti hicho humwambia mnunuzi kwamba mti huu umevunwa kwa halali na kwa kipimo. Vilikuwa vijiji vya kwanza katika Afrika nzima kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wananchi wenyewe. Soma majina yao tena: Kikole na Kisangi. Si miji. Huenda ulikuwa hujavisikia.

Tofauti yake na ule mwaka wa lori ni hii. Mnunuzi haendi kwa mtu mmoja mmoja shambani. Anakuja ofisi ya kijiji. Kamati inajua ina mipingo mingapi iliyofika kipimo, na mwaka huu itavunwa mingapi. Bei inatangazwa. Fedha inaingia katika akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unaamua itumikeje. Vijiji vingine hukubaliana na halmashauri ya wilaya ipewe sehemu. Katika wilaya ile fedha za misitu zimejenga madarasa na kuchimba visima.

Sitaki udhani kuwa huko hakuna matatizo. Babu aliniambia kuwa kamati ikiwa dhaifu, fedha hupotea kijijini kama zilivyopotea mjini. Aliniambia kuwa wako wanakijiji wanaokata usiku kwa sababu njaa haingoji mkutano mkuu. Na mnunuzi wa mpingo haji kila mwaka. Kuna mwaka kamati hulinda msitu mwaka mzima, ikazima moto, ikafukuza wezi, na asije mtu wa kununua hata mti mmoja. "Hapo," alisema, "ndipo watu huuliza tunalinda nini."

Dunia nayo imeanza kuuangalia mti huu. Tangu Januari 2017, mpingo na jamaa zake wote wa jina moja la kitaalamu wako katika orodha ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Gogo halivuki mpaka bila kibali. Wapiga muziki walilalamika kwamba walisumbuliwa mipakani kwa filimbi zao wenyewe, na mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa katika sharti hilo. Gogo lenyewe linabaki na sharti lake.

Na kupanda je? Kunawezekana. Huko Moshi, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi kuotesha miche ya mpingo pamoja na watoto wa shule na vikundi vya wananchi. Mwaka 1996 yeye na mchongaji wa Marekani, James Harris, walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo. Chuwa alifariki mwaka 2014. Miche aliyopanda bado ni miti michanga, na itakuwa michanga kwa miaka mingi.

LORI LIKIJA KWAKO

Inawezekana unasoma gazeti hili ukiwa katika kijiji chenye mpingo. Inawezekana lori litakuja kesho. Basi usimkimbize mnunuzi, na usimpigie vigelegele. Mkaribishe, mpe kiti, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwulize leseni ya kuvuna. Mwulize idadi ya miti iliyoandikwa humo. Toa kamba yako mbele yake. Magogo yakikatwa, yahesabiwe na kupigwa nyundo, yaani alama ya watu wa misitu. Hakikisha stakabadhi imeandikwa kabla lori halijapakia. Lori likisafiri lazima liwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mnunuzi wa kweli hatakasirika. Karatasi hizo zinamlinda na yeye huko njiani.

Kama msitu wenu haujatengwa kuwa hifadhi ya kijiji, liulizeni jambo hilo katika mkutano wenu mkuu. Afisa misitu wa wilaya anapaswa kuwaelekeza. Kazi hiyo ina hatua nyingi na huchukua muda, lakini mpingo, kama ulivyoona, hauna haraka.

NYUMBANI

Kutoka Kilwa niliendelea na safari mpaka kwetu. Baba sasa ni mzee. Mabati aliyonunua mwaka ule yameshika kutu, na baiskeli ilikwisha zamani. Nilimsalimu, tukala, kisha nikamwomba anipeleke katika lile shamba la mbali.

Visiki bado vipo. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mchwa hawajavila. Nilivihesabu: 11. Pembeni ya viwili kati ya hivyo yametoka machipukizi yenye miba, yanayofika kifuani mwangu. Baba alisema mbuzi huyala, lakini hayakomi kutoka.

Ule mti wa 12, ule uliokataliwa, umesimama peke yake. Nilitoa kamba niliyopewa na babu wa Kilwa nikauzungusha shinani. Mafundo yalikutana na kupishana. Nilipima tena kwa futi kamba: sentimeta 61. Pengo lililobaki halifiki shubiri moja.

Baba alikuwa akinitazama bila kusema. Kisha aliuliza, "Siku hizi mmoja unauzwa kiasi gani?"

Nilimweleza bei niliyoisikia Kilwa. Alikaa kimya tena. Aliinama akaokota tawi kavu, akaondoa majani yaliyozunguka shina, polepole, mpaka udongo ukawa mtupu pande zote. Ilikuwa Oktoba, na moshi wa moto wa mbali ulikuwa ukionekana ng'ambo ya mto.

Jioni nilipofunga mzigo wangu, aliniomba nimwachie kamba ile. Sasa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake, karibu na jembe.